Kipimo cha Saba Hakitatuliza Tumbo

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina umri wa miaka 23, ni mwanafunzi wa chuo na ninaishi Nyegezi, Mwanza. Tangu mwaka jana tumbo langu hujaa gesi na kunguruma. Siku nyingine napata choo kigumu, nyingine naharisha, hasa asubuhi. Sijapata homa, sijapungua uzito wala kuona damu. Nimepima mara sita: mara tatu nikaambiwa taifodi, mara moja bakteria wa vidonda vya tumbo, ultrasaundi ikatoka safi, na mashine ya kushika kiganjani ikaonyesha sumu kwenye ini na utumbo. Dawa zote nimemeza, lakini usiku silali nikiwaza saratani ya utumbo. Nipime nini tena?

JIBU: Marahaba. Swali la “nipime nini tena” nalisikia karibu kila siku ya kliniki, aghalabu kutoka kwa vijana wa rika lako wanaoingia na mfuko uliojaa karatasi za maabara, nami nitalijibu kwa kuzipitia karatasi zako mwenyewe, kwa sababu naona sehemu kubwa ya ugonjwa wako ilitengenezwa humo.

Taifodi mara tatu ndani ya mwaka mmoja, bila homa hata siku moja? Kipimo ulichofanyiwa, ikiwa ni kile cha tone la damu ambacho majibu yake hutoka ukiwa bado umekaa kwenye benchi, ni Widal, kinachobeba jina la tabibu Mfaransa aliyekieleza mwaka 1896. Hakimtafuti bakteria mwenyewe, bali hutafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza dhidi ya vijidudu, ambazo huweza kubaki katika damu kwa miezi mingi baada ya ugonjwa kwisha, na ambazo maambukizi mengine kabisa yanaweza kuzipandisha. Kwa mtu asiye na homa, katika mji ambao taifodi si ngeni, jibu la chanya halitoshi hata kidogo kumwandikia dawa. Taifodi huthibitishwa kwa kuotesha damu maabara. Yaelekea ulipewa sipro, antibaotiki ya taifodi, pengine mara tatu, nazo antibaotiki huua pia bakteria wema wanaoishi utumboni, hivyo mtu huharisha, hurudi maabara, hupimwa Widal ileile na kuambiwa taifodi imekuwa sugu.

Bakteria wa vidonda vya tumbo nao wana hadithi yao. Barry Marshall, daktari wa Australia, alikunywa mchuzi wa bakteria hao mwaka 1984 ili kuonyesha kwamba huleta ugonjwa tumboni, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Waliyoyagundua ni ya kweli, lakini watu wameyasikia nusu. Wengi wetu huku tumewabeba bakteria hao tangu utotoni, na wengi kati ya hao hawatapata kidonda maisha yao yote. Kama ulipimwa damu, kipimo hicho huweza kuendelea kutoka chanya hata baada ya tiba kufaulu. Kinachofaa ni kipimo cha choo, nacho hufanywa baada ya wiki 4 tangu umalize antibaotiki na wiki 2 tangu uache omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo. Mtu aliyemeza omeprazoli kwa miezi, akaiacha ghafla, anaweza kupata kiungulia kikali kwa siku au hata wiki kadhaa kwa sababu tumbo hurudisha asidi kwa pupa; wengi hudhani kidonda kimefunguka, wakati ni dawa inayotoka.

Imani inayonichosha kuliko zote ni ile isemayo kwamba kupima hakuna hasara, na kwamba kipimo kimoja zaidi kitaleta utulivu. Ultrasaundi yako ilitoka safi. Ulitulia siku ngapi? Mgonjwa mmoja aliniambia alitulia mpaka alipofika kituo cha daladala, kisha akakumbuka kuwa ultrasaundi haioni vizuri ndani ya utumbo, jambo ambalo ni kweli. Hofu ya ugonjwa haikosi mwanya wa namna hiyo, kwa sababu hakuna kipimo kinachofuta kila shaka. Nami huwaona wakijikagua mbele yangu: vidole viwili vinabonyeza chini ya kitovu, vinasogea kidogo, vinabonyeza tena, kila siku mara ishirini, mpaka ngozi na misuli vinauma kwa kubonyezwa. Wengine humulika choo kwa tochi ya simu, wakaingiwa na hofu kwa rangi ya kijani ya matembele waliyokula jana.

Sisemi kwamba maumivu yako ni ya kubuni. Wazee waliosema mtu yuko tumbo joto walijua walichokisema: utumbo una mtandao wake wa neva unaowasiliana na ubongo muda wote, na hofu hubadili mwendo wake, ukaharakisha asubuhi ya mtihani na kukwama siku nyingine. Dalili zako zinafanana sana na utumbo unaochokozeka upesi, hali halisi isiyogeuka kuwa saratani. Saratani ya utumbo katika umri wako ni adimu, ingawa haiwezi kusemwa kwamba haipo. Ndiyo maana tunauliza habari za damu, choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu, kuharisha kunakokuamsha usingizini, na ndugu wa karibu aliyeugua saratani hiyo. Kukiwa na mojawapo, njoo upesi.

Ajabu ni kwamba ugonjwa ambao kijana wa kando ya ziwa angepaswa kuuliza, hujautaja. Ikiwa umekuwa ukioga au kuvua ziwani, peleka choo kikatafutwe mayai ya kichocho cha tumbo. Kikipatikana hutibiwa kwa prazikwanteli inayopimwa kwa uzito wako. Kikikosekana, vipimo vyako vya sasa vimetosha. Chagua daktari mmoja, mpange tarehe ya kuonana hata kama tumbo limetulia, na usiende nje ya tarehe hiyo kwa sababu ya mngurumo. Punguza kubonyeza na kusoma dalili kwenye simu, leo mara kumi, wiki ijayo mara tano. Ikiwa usingizi haurudi, omba upelekwe kwa mtaalamu wa saikolojia; tiba ya mazungumzo kwa hofu ya namna hii inasaidia kweli, wala hakuna aibu ndani yake.

Kuhusu mashine ile, sina lugha ya upole. Fimbo ya chuma kiganjani haiwezi kusoma ini, na mama mmoja aliyekuwa ameshaondolewa mfuko wa nyongo kwa upasuaji aliniletea karatasi yake ikimpongeza kwa nyongo imara. Wenye mashine hizo, stendi na sokoni, mara nyingi ndio wauzaji wa dawa ya “kusafisha utumbo”. Nyingi ya nilizoletewa zilikuwa na sanamaki, ambayo humharisha yeyote, mzima au mgonjwa, na muuzaji humwambia mteja aliyelegea kwa kupoteza maji na chumvi kwamba sumu ndiyo inatoka. Ukija kliniki, njoo na karatasi zako zote isipokuwa hiyo, na kopo la dawa hiyo kama bado unalo, ili tuone ulichokuwa ukinywa.