Mama analia anapoogeshwa

SWALI: Mama yangu mzee anasahau mengi. Msichana tuliyemwajiri hapa Kadutu, Bukavu, ni mchapakazi, lakini humwogesha bila kumsemesha, naye Mama humsukuma na kulia. Je, tumpe dawa ya kumtuliza?

JIBU: Dada mpendwa, usianze na dawa. Anayelia akiguswa huenda ana maumivu asiyoweza kuyaeleza, kwa mfano ya viungo au ya njia ya mkojo, kwa hiyo daktari amchunguze kwanza.

Kisha tazameni namna anavyohudumiwa. Tom Kitwood, mwanasaikolojia wa huduma kwa wenye ugonjwa wa kusahau aliyefundisha Bradford, Uingereza, alisisitiza kwamba mtu atazamwe kwanza, kabla ya ugonjwa wake, na sheria ya huduma ya England ya mwaka 2014 inataka kazi ianze kwa kuamini kuwa mhudumiwa ndiye anayejua zaidi yaliyo mema kwake. Kwenu nyumbani, maana yake ni kwamba msichana akae mbele ya Mama, amwite kwa jina alipendalo, amwambie anachotaka kufanya kabla ya kumgusa, amwachie kitambaa aoshe uso mwenyewe, na amfunike mabega kwa kitenge wakati miguu inaoshwa, kwa sababu uchi mbele ya mgeni humuumiza hata aliyesahau mengi. Kama Mama alikulia katika Mashi, lugha ya Washi wa huko Bukavu, salamu ya Mashi itamfikia upesi zaidi. Akikataa, asilazimishwe, ajaribiwe tena baadaye.

Na huyo msichana mumfundishe kwa upole, mumpe pia siku ya kupumzika.