Kikao cha kwanza: tuanzie wapi?

SWALI: Nitaongoza kwa mara ya kwanza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, wenye wachawi na mazimwi. Wachezaji ni wanne. Nifungueje?

JIBU: Usiwakutanishe wahusika kilabuni wakiwa hawajuani, saa nzima itaishia kwenye utambulisho. Kabla dadu hazijarushwa, kila mchezaji ataje mwenzake mmoja anayemfahamu na sababu ya kusafiri naye. Kisha ingia moja kwa moja kwenye tatizo lililokwisha kuanza: daraja linaungua, na mkokoteni wao uko juu yake.

Kwa kikao cha muda wa saa 3, pambano moja latosha. Wahusika wa ngazi ya 1, yaani ya kuanzia, wana uhai mdogo, na zimwi moja lenye nguvu huweza kumwangusha mtu kwa pigo moja. Heri maadui watatu dhaifu.

Tena, dadu ya pande 20 haina huruma: anayehitaji 15 au zaidi bila nyongeza ya alama hufaulu katika pande 6 tu. Basi dalili inayobeba kisa usiifungie nyuma ya mrusho mmoja, maana ikikosekana hadithi inakwama. Iweke mahali patatu.

Mambo msiyotaka yaguswe mezani, kubalianeni mapema. Dakika 10 zinatosha.