Afisa sheria wa halmashauri, kuna kupanda kweli?

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 29, nimemaliza digrii ya sheria afu nikapita Law School pale Dar, sasa ni mwaka wa tatu niko halmashauri. Wenzangu walioenda private wameshafungua ofisi zao, mi kazi yangu ni barua za madai na kesi za viwanja, juzi nimekabidhiwa faili la kiwanja ambalo nusu ya karatasi hazionekani. Bosi nae akiomba ushauri anataka uandikwe vile anavyopenda yeye. Huku kuna kupanda kweli au wakubwa wote wa sheria serikalini wanatokea kwenye mkeka wa uteuzi wa Rais tu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkeka upo, siwezi kukudanganya, lakini angalia wanaotajwa humo wametoka wapi. Jaji Feleshi alikuwa Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) tangu 2008, 2014 akawa jaji, 2018 Jaji Kiongozi, 2021 akateuliwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, 2024 akaenda Mahakama ya Rufani. Masaju alikaa unaibu Mwanasheria Mkuu tangu 2009, akapewa kiti chenyewe 2015, 2018 akawa jaji, na 2025 ndo akawa Jaji Mkuu. Hiyo ni miaka na miaka ya kusoma mafaili ya watu, na Katiba yenyewe ibara ya 59 inataka Mwanasheria Mkuu awe na sifa za uwakili kwa miaka isiyopungua 15, kwahiyo wewe mwenye mitatu usijione umechelewa.

Halafu hizo kesi za viwanja usizidharau kabisa. Tangu 2020 anayeishtaki halmashauri lazima amuunganishe pia Mwanasheria Mkuu kwenye kesi, maana yake faili lako linasomwa na mawakili wa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, ile iliyoanzishwa 2018 kuitetea serikali mahakamani, na wao wanajua haraka sana nani amewaletea faili lililopangwa na nani amewatupia karatasi dakika za mwisho, jina lako linatembea hivyo kabla hujaomba hata uhamisho.

Sasa hili la bosi ndo limeniuma, maana nimelipitia. Nilikuwa na miaka miwili kazini, ofisi siitaji, mkuu wangu akaniita saa kumi jioni watu wanafunga, akaniambia ushauri wangu kuhusu mkataba wa jenereta niutoe niweke mwingine. Nilitetemeka jamani, nina mtoto mchanga nyumbani. Nikamwambia sawa mzee nitaandika dokezo sabili (maelezo ya ndani ya ofisi) lingine la maelekezo yako, ila lile la kwanza linabaki folio ya 14, namba yake ndani ya faili, lilipo. Alinuna miezi, semina zote nikarukwa. Wakaguzi walipokuja waliomba faili masijala, yaani kwenye chumba cha mafaili, wakasoma folio ya 14, na mimi sikuulizwa swali hata moja. Kwahiyo bosi mshauri kwa heshima, mpe na njia nyingine ya kisheria ya kupata anachokitaka kama ipo, akikataa ni haki yake, ye ndo afisa masuuli, anayewajibika kwa fedha na maamuzi ya ofisi, lakini maoni yako yakae kwa maandishi, yawe na tarehe na saini.

Kuhusu hela, private wanaweza kukuzidi mbali sana, na kama shida yako ni hiyo ondoka mapema bila kinyongo. Ila kule hutaipata nafasi ya kupekua mkataba wa barabara ya watu wa wilaya nzima ukiwa na miaka 29.

Na hilo faili kesho asubuhi shuka nalo masijala, mkae na mhusika mtafute notisi ya siku 90 ambayo mdai lazima aitoe kabla ya kushtaki, muangalie muhuri wa kupokelewa una tarehe gani, afu hesabu siku mpaka kesi ilipofunguliwa. Kama hazikutimia siku 90, una pingamizi la awali mkononi, yaani hoja ya kuomba kesi itupwe kabla haijasikilizwa.