Kampuni mpya hushindwa kwenye meza ya wakala

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: kwa nini kampuni mpya za simu hazidumu Uganda, ilhali kila siku watu wanalalamikia bei za bando? Wengi watajibu mtaji. Lakini Warid iliingia 2008 na bei za kuvunja soko, na 2013 ikanunuliwa na Airtel. Orange ilianza 2009, ikauzwa kwa Africell 2014, nayo Africell ikazima mitambo Oktoba 2021. Hao hawakuwa maskini.

Itazameni meza ya wakala wa pesa, iwe mtaa wa biashara wa Kikuubo, Kampala, au sokoni Arua. Tuseme ana shilingi milioni 2. Fedha hizo ni mafungu matatu tayari: floti (salio la kwenye simu la kuhudumia wateja) ya MTN, floti ya Airtel, na noti za droo. Akikubali laini ya tatu, itabidi amege laki 3 kutoka kwenye floti inayozunguka mara kadhaa kwa siku, aziweke kwenye laini yenye wateja wawili kutwa nzima. Kamisheni huletwa na mzunguko. Salio lililolala halimpi kitu. Basi floti ya kampuni mgeni anaiacha iishe. Mteja akija kuweka pesa anaambiwa, "Floti hakuna, ssebo (bwana)." Akirudishwa hivyo mara mbili, hawezi kuitegemea laini ile kwa karo ya mtoto.

Hapo punguzo la dakika halisaidii. Tangu MTN ianzishe huduma ya pesa mwaka 2009, namba ya simu imegeuka pochi, na kwa wengi imekuwa pia rekodi ya kukopea. Wakenya waliruhusiwa kuhama mtandao na namba zao 2011, Watanzania 2017. Mganda anayehama anaanza na namba mpya, na namba ambayo wateja wa bodaboda wameizoea mtu haiachi kirahisi. Kwa hiyo laini mpya inawekwa kwenye nafasi ya pili ya simu, kwa ajili ya bando la usiku tu. Kampuni inajivunia laini zilizosajiliwa, kumbe pesa za mwenye laini ziko kwingine.

Laini hiyo ya pili ina hasara nyingine ambayo watu wengi hawaioni. Simu ikitoka mtandao mmoja kwenda mwingine, mtandao wa anayepiga huulipa ule unaopokea ada ya maunganisho kwa kila dakika. Simu zinazoingia zikilingana na zinazotoka, madeni hufutana. Lakini mwenye laini ya bei nafuu anaitumia kupigia, halafu anapigiwa kwenye namba yake ya zamani. Mgeni analipa kila siku na halipwi. Kadiri ofa yake inavyopendwa, ndivyo ankara ya mwisho wa mwezi inavyopanda.

Masafa ya redio nayo yana lake. Wimbi la 900 MHz huenda mbali na kupenya kuta. La 2600 MHz hubeba data nyingi lakini hufika karibu, hivyo minara inayohitajika ni mingi zaidi. Kukodi nafasi kwenye mnara uliopo ni nafuu kuliko kujenga, ila kodi na umeme (au dizeli ya jenereta) hulipwa hata kama mnara una wateja 50. Anayeanza na 4G peke yake anawakosa kabisa wenye simu za tochi.

Anayetaka kudumu asitawanye minara nchi nzima. Achague mji mmoja, Mbale kwa mfano, aufunike mpaka ndani ya nyumba, na nje ya hapo akodi mtandao wa mwenzake. Auze data kwanza kwa hosteli na maduka. Dakika za bure kwenda mitandao mingine azisahau. Wakala asiombwe mtaji: akopeshwe floti asubuhi, irudishwe jioni, na kamisheni iingie siku ileile. Pochi ya kampuni hiyo ipokee pesa kutoka namba za MTN na Airtel na kuzituma huko moja kwa moja, ili mteja asilazimike kutoa noti huku na kuziweka kule, akikatwa ada mara mbili. Na UCC, tume inayosimamia mawasiliano Uganda, iruhusu watu wahame na namba zao, kwa sababu hilo hakuna kampuni changa inayoweza kujifanyia.