Futa hiyo fomu kabla hujamfikia mzee hata mmoja

Mkuu, futa hiyo fomu ya kuwahoji wazee. Nimeisoma yote uliyoibandika, maswali arobaini na tano, kuanzia "jina kamili" mpaka "mafanikio yako maishani ni yapi", na nimeshindwa kupita kimya. Ya kwangu inafanana nayo kabisa. Bado ninayo kabatini, imejazwa kwa mwandiko wangu, na babu niliyemjazia yuko kaburini.

Umesema unataka kukusanya maisha ya wazee waliozeekea kando ya ranchi ya Kongwa, utoe kijitabu kabla hawajaisha. Umeuliza kama maswali yanatosha, ununue kamera gani, uandike Kigogo au Kiswahili, na wachapaji wa Dodoma wanatoza kiasi gani. Naanza na fomu, maana ukikosea hapo hutakuwa na cha kupiga picha wala cha kuchapa.

Mwaka 2016 nilikuwa na wazo hilo hilo lako. Nikaenda semina moja, nikakutana na bwana mmoja aliyejitambulisha kama mtaalamu wa kukusanya simulizi. Alitugawia fomu, akatuambia maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo: mzee asipoelekezwa anazurura, kwa hiyo akitoka nje ya swali mrudishe. Tukaandika kwenye madaftari. Nilimwamini kwa sababu alikuwa na projekta na mimi nilikuwa na kalamu ya kuazima.

Babu niliyemfuata alikuwa jirani yetu. Alichunga kwenye ranchi ile tangu kijana, halafu akawekwa kwenye josho, pale ng'ombe wanapoogeshwa dawa ya kupe, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu. Mtu wa kwanza kumwona ng'ombe anaumwa ndigana kabla hata ya daktari wa mifugo alikuwa yeye. Nilimwekea kiti chini ya mti, nikamwomba mwenyekiti wa kitongoji aje awepo ili mambo yaonekane rasmi, nikafungua karatasi. Jina. Mwaka wa kuzaliwa. Akatoa kadi ya mpiga kura, nikaandika 1948. Elimu, hana. Kazi, mchungaji. Ulihamia hapa lini? Una mifugo mingapi? Akawa anajibu neno moja moja, macho yako kwa mwenyekiti.

Sasa fikiria wewe mwenyewe, kwa watu wanaoishi mpakani mwa ranchi, mgeni anayekaa na kiongozi akiuliza umekuja lini na una ng'ombe wangapi anatafuta nini? Wazee wetu waliandikwa majina mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakati wa Operesheni Dodoma, na baada ya kuandikwa wakahamishiwa vijiji vya ujamaa. Wameandikwa kwa ajili ya kodi, wameandikwa kwa faini za ng'ombe waliovuka mpaka, wameandikwa mifugo ilipotakiwa kupunguzwa. Karatasi kwao haijawahi kuja kuuliza habari ya mtu. Na mimi nilimletea karatasi pamoja na mwenyekiti.

Lakini hata hivyo alijaribu kunipa. Hili ndilo linaloniuma. Nilipouliza swali la kumi na saba, sijui lilikuwa la vyeo alivyowahi kushika, akanyamaza kidogo, akasema, "Kulikuwa na jike mwekundu, pembe yake moja ilikuwa imevunjika…" Nikamwambia babu, hilo tutalifikia, tumalize hapa kwanza. Baadaye tena, kwenye swali la ndoa, akasema, "Mwaka ule wa yule jike mwekundu ndio nilioa." Nikaandika: ameoa. Nikamrudisha, kama nilivyofundishwa. Tulipofika kwenye mafanikio akaniuliza, "Ya nani?" Dakika ishirini na tano tukawa tumemaliza. Nilimshukuru, nikaondoka nimefurahi kwamba hakuna nafasi iliyobaki wazi.

Masika yale yale akafa. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na "maelezo yake", familia ikaniomba niandike wasifu wa marehemu. Nikanakili fomu. Nikasimama mbele ya watu nikasoma kwamba amezaliwa 1948, hakubahatika kusoma, alikuwa mchungaji, ameacha mjane na watoto sita. Hata dakika mbili hazikufika. Watu wakaitikia, tukazika, na msalaba ukaandikwa 1948.

Usiku, matangani, kando ya moto, mzee mwenzake akacheka kwa uchungu. Akasema, "1948? Karanga zinaingia hapa huyu alikuwa anachunga ndama pamoja na mimi."

Wanaotoka kwetu wanaelewa. Karanga ni ule mradi wa Waingereza ulioanza Kongwa mwaka 1947, wakaleta matrekta wakang'oa pori, udongo wa mfinyanzi ukawashinda maana kiangazi unakauka kama tofali, mvua ikawakatalia, na ilipofika 1951 wakauacha. Sehemu kubwa ya nchi ile ikaishia kuwa malisho, ndiko ranchi ilikotoka, na baadaye ikaingia mikononi mwa NARCO, kampuni ya ranchi za taifa. Sasa mtoto wa Kigogo anaanza na ndama na mbuzi karibu na nyumbani akiwa na miaka saba au minane. Ng'ombe wakubwa wa kwenda mbali anapewa akishapevuka kidogo. Kama 1947 alikuwa na ndama, basi alizaliwa karibu 1939 au 1940. Alikuwa amepunjwa miaka minane au tisa na kadi, na mimi nikaipeleka hiyo miaka kaburini kwake.

Yule mzee akaendelea. Kwamba matrekta yaliposukuma mibuyu nyuki walitoka, watu wakakimbia, ndama wakatawanyika, na marehemu akalala porini usiku mzima akitafuta ndama mmoja kwa kumwogopa baba yake. Kwamba miaka ya 1960, wapigania uhuru wa kusini walipowekwa kambi Kongwa, wa FRELIMO ya Msumbiji, wa ANC ya Afrika Kusini, wa SWAPO ya Namibia, alikuwa anawapelekea maziwa na akajifunza nyimbo zao bila kujua maana. Kwamba kwenye josho alihesabu ng'ombe kwa vijiwe, anavitoa mfuko wa kulia anavitia wa kushoto, na karani wa daftari akitofautiana naye walirudia na karani ndiye aliyekuwa amekosea. Wale ng'ombe wa aina ya Borani walikuwa na namba za chapa, yeye aliwaita kwa mama zao. Usiku wa pili mjane akaongeza mengine. Sikuwasha hata simu, niliona aibu.

Nikauliza habari za jike mwekundu wa pembe moja. Mwenzake akasema anamkumbuka ng'ombe, hakumbuki kisa. Mjane akasema marehemu alikuwa akimtaja lakini alikuwa hajawahi kumweleza vizuri. Nimeuliza watoto, nimeuliza wachungaji wawili wastaafu waliohamia upande wa Mpwapwa. Hakuna anayejua. Kilikuwa kisa ambacho mtu alikitaja mara mbili ndani ya nusu saa, na mimi nilimnyamazisha mara zote mbili.

Kwa hiyo mkuu, sheria yangu ni moja: anza na ng'ombe. Usiulize amezaliwa lini, muulize karanga zilipoingia alikuwa anachunga nini. Kama alizaliwa baadaye, muulize watu walipohamishiwa vijijini alikuwa na ndama au na kundi kubwa, au vita ya Kagera ilimkuta ameshaoa. Wazazi wake muulizie kwa njaa ya Mtunya, ile ya mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia na baada yake, kama baba yake aliiona au alisimuliwa. Miaka itajipanga yenyewe, tena sahihi kuliko kadi. Muulize ng'ombe wa kwanza kupewa alikuwa wa rangi gani na alitoka wapi, utasikia habari za mahari, za mjomba, za ugomvi wa ndugu, za ukame, na wala hujauliza swali la familia. Akizurura mfuate, anajua njia. Nenda bila kiongozi yeyote. Nenda jioni ng'ombe wakirudi bomani, au alfajiri wakikamuliwa, ushike kamba, ufungue mlango wa boma. Mwambie wazi kwamba simu inarekodi na ni kwa ajili ya nini, akikubali iweke mfukoni mwa shati halafu uisahau. Usimkalishe kwenye kiti kama mtuhumiwa.

Na mtaalamu yule kama yumo humu jukwaani asome: wazee wetu hawazururi. Wewe ndiye uliyekuja na barabara ya lami mahali penye njia za ng'ombe.

Wenye kuniambia nimeandika mrefu, bando ni la kwangu. Kigogo au Kiswahili? Mwache mzee aseme anavyosema, utafasiri baadaye, majina ya rangi za ng'ombe yaache kwa Kigogo hivyo hivyo.

Umetaja kwenye bandiko lako kuna mzee wa josho ana miaka themanini na kitu na unamsubiri Desemba mkija likizo wote. Uko Dodoma, Kongwa si mbali. Nenda Jumamosi hii. Na kama alifanya kazi ranchi ya Kongwa miaka ile, naomba umuulizie na jike mmoja mwekundu, pembe moja imevunjika.