Damu katika wiki za mwanzo za ujauzito

SWALI: Nina mimba ya wiki saba, nikihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi yangu ya mwisho. Tangu juzi naona matone ya damu ya kahawia, na tumbo linanikata upande wa kushoto. Sijapiga ultrasaundi bado. Mama mkwe anasema nilale tu, itakata. Je, mimba inatoka?

JIBU: Si lazima. Takriban mjamzito mmoja kati ya wanne huona damu ndani ya wiki 12 za mwanzo, na wengi wao huendelea na mimba hadi kujifungua. Rangi ya kahawia ni ya damu iliyokaa kabla ya kutoka.

Kilichotutia wasiwasi katika barua yako ni hayo maumivu ya upande mmoja. Mpaka ultrasaundi ionyeshe kwamba mimba imo ndani ya mji wa mimba, inabidi ichukuliwe kuwa huenda imetunga nje. Nenda hospitali leo, usingoje tarehe ya kliniki.

Mimba iliyotunga nje mara nyingi hukaa kwenye mrija wa uzazi, ambao hautanuki kama kizazi. Dalili huanza sana kati ya wiki ya 6 na ya 8. Mrija ukipasuka, damu humwagika ndani ya tumbo, kwa hiyo pedi inaweza kuwa karibu kavu huku mwanamke anaishiwa damu. Damu hiyo ikigusa kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), maumivu husikika kwenye ncha ya bega. Ukipata maumivu hayo, kizunguzungu, kuzimia, au tumbo kuuma ghafla kwa nguvu, ni dharura ya saa hiyo hiyo. Usiende peke yako.

Hospitali wataomba ultrasaundi, pengine ya kupitia ukeni, haidhuru mimba. Mfuko wa mimba huonekana kuanzia wiki ya 5 hivi, mapigo ya moyo wiki ya 6. Wasipoona kitu, watapima kiwango cha homoni ya mimba na kurudia baada ya saa 48, maana kipimo kimoja hakitoshi. Uliza pia kundi lako la damu: mwenye Rh hasi (kundi lenye alama ya kutoa, kama O-) huenda akahitaji sindano ya anti-D, inayozuia mwili wake kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto, ndani ya saa 72 tangu damu ianze kutoka.

Kuhusu kulala: pumzika ukichoka, ila kulala kitandani hakuzuii mimba kutoka. Mimba nyingi zinazoharibika mapema huwa na hitilafu ya kromosomu (vibeba urithi ndani ya seli) tangu mwanzo; kufua au kupanda ngazi hakuhusiki. (Mwonyeshe mama mkwe aya hii, kwa upole.)

SWALI: Mimba yangu ya wiki tisa imeonekana iko ndani na moyo unapiga, lakini damu kidogo bado inatoka. Nirudi lini?

JIBU: Mapigo yakionekana, matumaini ni makubwa. Damu inaweza kuwa imejikusanya kando ya mfuko wa mimba, au inatoka kwenye shingo ya kizazi, hasa baada ya tendo la ndoa. Ni vizuri kuliacha mpaka ikauke.

Vaa pedi, usiingize kitu ukeni, na uandike saa unapoibadilisha. Pedi kubwa ikiloa yote ndani ya saa moja, kwa saa mbili mfululizo, nenda mara moja. Vivyo hivyo ukiona mabonge makubwa, homa ya nyuzi 38 au zaidi, au uchafu wenye harufu mbaya. Kikitoka kipande cha nyama, kiweke kwenye chombo safi ukipeleke. Vipande vyenye malengelenge kama zabibu huashiria mimba zabibu (tishu za kondo la nyuma zilizokua vibaya), inayohitaji matibabu na ufuatiliaji wake.

Kwa maumivu, meza parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Epuka ibuprofen na diclofenac. Aspirini usianze mwenyewe, lakini kama daktari alikuandikia, usiiache kabla hujamuuliza.