Hesabu ya bolti imekubali, mbona flenji inavuja?

SWALI: Nimesanifu flenji (pete inayofungiwa kifuniko kwa bolti) ya tangi la presha kwa kanuni za ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani. Presha ya kazi ni MPa (megapaskali) 2, kipenyo cha duara la gasketi, yaani kizibo cha kuzuia kuvuja, mm 500, bolti 16 za M24 (unene mm 24) daraja la B7, chuma cha aloi chenye nguvu. Gasketi ni ile ya utepe wa chuma uliosokotwa na grafiti, upana mm 16. Nati zilikazwa kwa Nm (nyutoni-mita, kipimo cha mzunguko wa spana) 230, bolti zikiwa kavu. Kwenye jaribio la maji la MPa 2.6 imevuja. Nimekosea wapi?

JIBU: Hesabu yako nimeirudia, haina kosa. Presha ya kazi inadai bolti zote zivute kN (kilonyutoni) 526: 393 za kuzuia kifuniko kisisukumwe, 133 za kuendelea kuibana gasketi. Kuilaza gasketi mara ya kwanza, kabla ya tone la maji kuingia, kunadai zaidi, kN 766. Hizo ndizo zilizoamua ukubwa wa bolti, na kila moja inabeba kN 48.

Je, hizo 48 zilifika kwenye bolti? Nm 230 yako imetoka kwenye kizidishi cha msuguano cha 0.2; kikiwa kikubwa, spana ileile huivuta bolti kidogo zaidi. Bolti kavu yenye vumbi la kutu hufika 0.3 bila shida. Hapo kila bolti inavuta kN 32 tu, zote 16 kN 511. Maji ya MPa 2.6 yanasukuma kifuniko kwa kN 510. Gasketi imeachiwa kN 1! Ingeachaje kuvuja?

Safisha nyuzi, paka grisi ya bolti, na usisahau uso wa nati unaokalia flenji. Karibu nusu ya nguvu ya spana hupotelea hapo. Kizidishi kikishuka hadi 0.15, Nm 230 ileile inakupa kN 64 kwa bolti, na B7 haitalalamika.

Mzigo wa kanuni, zile kN 48, ni wa kuchagulia bolti, si wa kukazia. Mimi hukaza zaidi ya hapo, nikishahakikisha flenji haitapinda wala gasketi haitapondeka. Kaza bolti moja kisha inayoikabili upande wa pili, kwa asilimia 30 ya Nm unayolenga, 70, kisha 100, halafu zunguka bolti kwa bolti mpaka nati zigome, maana ukikaza moja jirani yake hulegea.

Gasketi iliyovuja usiirudishe. Ikishabanwa hairudii unene wake tena.